Nusu ya Kabichi

Kabichi haijawahi kuisha nyumbani kwangu. Nyanya huisha, tena huisha usiku, kitunguu kikiwa kimeshaanza kuwa chekundu kwenye mafuta. Chumvi huisha. Gesi huisha wali ukiwa haujaiva katikati. Lakini kabichi hata ukiipika Jumatatu, ukaichanganya kwenye kachumbari Jumanne, Jumatano ukitafuta pa kuweka chupa ya maji kwenye friji utaikuta imekaa pale pale, nusu yake, pembeni imeanza weusi. Unakata ule weusi. Inabaki nusu. Sijui hesabu hiyo inafundishwa shule gani.

Nalalamika kwa sababu mimi ni mtu ambaye hali mboga anayoitaka. Kwetu hapa Tabata mboga hailiwi kwa kutamaniwa, inaliwa kwa kukaribia kufa. Asubuhi mke wangu hufungua droo ya chini ya friji, akabinyabinya kila kilichomo, kisha akatoa hukumu: "Leo ni bilinganya." Hakuna aliyesema ana hamu ya bilinganya. Bilinganya yenyewe ndiyo iliyoamua, kwa kulainika. Mimi naweza kuwa nimeamka na hamu ya kisamvu cha nazi, kile kilichotwangwa kikalainika, kikachemka mpaka jirani akajua. Bahati mbaya kisamvu kiko gengeni, kizima, kina afya njema, kwa hiyo hakina nafasi mezani kwetu. Kwanza kiugue.

Wapo watakaosema tatizo ni kutopanga. Hao hawajawahi kununua kwa fungu. Fungu lilipangwa zamani, wakati nyumba ina baba, mama, watoto sita, mjomba anayetafuta kazi mjini, na binamu aliyekuja kusalimia mwaka juzi akasahau kuondoka. Sisi sasa tumebaki watatu: mimi, mke wangu na binti yetu wa mwisho. Nyumba imepungua, fungu halijapungua. Ukimwomba mama wa genge akuuzie karoti mbili tu, anaacha kupanga vitunguu, anakutazama kwa huruma, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Baba, kwema nyumbani?" Kwa aibu unabeba fungu zima. Na kwa kuwa umeonyesha utu, anakutupia nyongeza: hoho moja yenye kovu, nyanya chungu tatu, na tawi la kotimiri. Nyongeza haikataliwi. Ukiikataa, kesho utauziwa nyanya za chini ya tenga.

Na simlaumu mama wa genge, maana najua safari ya bidhaa zake. Karoti imetoka Lushoto, imeshuka milima ya Usambara usiku kwenye lori. Nyanya imetoka Ilula, kule Iringa, imebanwa kwenye tenga na wenzake mpaka Dar es Salaam. Yeye ameamka saa tisa usiku kuzifuata sokoni, akazileta na bodaboda, akazipanga mezani kwa mkono wake, nzuri zikae mbele. Kufika saa kumi na mbili jioni hana friji. Ana ndoo ya maji ya kunyunyizia na kitambaa cha kufunikia. Hapo ndipo hutoka ile kauli ambayo imeharibu nyumba yangu: "Mama, chukua zote hizi kwa buku, nikalale."

Mke wangu ana sheria. Ameitunga mwenyewe na huisoma mbele yetu mara kwa mara: mboga mpya isiingie ndani kabla ya iliyomo kuisha. Mimi sheria hiyo imenikamata mara nyingi, nikiwa na mchicha mkononi, mlangoni. Lakini yeye akisikia bei ya kumalizia biashara, sheria inalala. Anarudi na kikapu kimejaa, uso umenawiri, ananieleza pesa aliyookoa. Nikimkumbusha yaliyomo kwenye droo, ananijibu, "Hizi si za kununua, hizi nimepewa." Kwa muda mrefu nilidhani mabaki yetu tunayazalisha wenyewe. Si kweli. Ni mabaki ya genge yaliyohamia kwetu kwa punguzo. Mama wa genge amelala usingizi mtamu, meza yake tupu, na shida yake yote iko kwenye droo yangu.

Mzalishaji wa pili ni binti yangu. Yeye hupika kwa kutazama simu. Kwenye simu kuna dada mmoja mwenye jiko jeupe na kucha ndefu, na huyo dada kila anachotumia anakitumia robo. Robo ya hoho nyekundu. Robo ya hoho ya njano. Bua moja la seleri. Vijani vinne vya kotimiri vya kupambia. Tangu Tabata iwe Tabata hajatokea mtu anayeuza bua moja la seleri. Linauzwa fungu, tena kubwa, na lina harufu ambayo ndani ya friji inaingia mpaka kwenye maziwa. Basi siku ya mapishi ya binti yangu sisi hula tambi zenye vijiko vitatu vya rojo la rangi nzuri, na kwenye droo hubaki robo tatu ya kila kitu. Dada wa kwenye simu haonyeshi hata siku moja kilichobaki alikipeleka wapi.

Na ni binti huyo huyo aliyenisomea, kwa sauti ya kunishitaki, kwamba shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2024 na kusema kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitupwa majumbani, si mahotelini wala madukani. Akanitazama. Nikamuuliza ile seleri ni ya nani. Mazungumzo ya mazingira yakaishia hapo.

Njia za kuokoa mboga nazijua zote, maana nimeambiwa zote. Karoti iliyolegea ikilala ndani ya maji ya baridi saa kadhaa inarudi kuwa ngumu, kwa sababu kilichopotea ni maji tu. Hii ni kweli, inafanya kazi, na inaudhi, maana ilikuwa imekaribia kabisa kuondoka na sasa ina wiki nyingine. Mchicha usiuoshe kabla ya kuuhifadhi. Ukunje mkavu ndani ya kitambaa au gazeti, kwa kuwa unyevu ndio unaougeuza uteute. Wakati wa mifuko ya plastiki, ile ya rambo, kabla haijapigwa marufuku Juni 1, 2019, mchicha ulikuwa ukifungwa humo jioni, asubuhi unaumimina. Nyanya zikizidi, zikate, zichemshe, zichuje, zirudishe motoni mpaka rojo lizito, kisha ligandishe kwenye vile vyombo vya barafu, kipande kimoja kimoja. Sisi tulifanya hivyo. Umeme ukakatika kuanzia adhuhuri hadi usiku, na yule mgeni aliyeomba maji ya baridi akapewa glasi yenye barafu iliyoyeyuka, ikaganda tena, na kupata rangi ya waridi. Alikunywa. Alikuwa mtu mwenye adabu.

Kitu pekee ambacho mke wangu anakitupa bila kusita ni kiazi mviringo kilichogeuka kijani. Hapo hana ubahili. Ile kijani ni dalili ya sumu ambayo hata ukichemsha haiondoki, na amekataa katakata kuua mtu kwa ajili ya kiazi cha shilingi mia. Mimi nilifurahi siku niliyogundua kwamba kuna mboga yenye uwezo wa kututoroka kihalali. Tangu hapo huviacha viazi karibu na dirisha. Naye ameshaviona, amevihamishia kabatini gizani.

Shangazi yangu wa Dodoma, kila akituona tukihangaika, husema dawa ni kuanika. Kwao mlenda unaanikwa, unatwangwa unga, unakaa ghalani hadi kiangazi kipite. Wasukuma nao wana nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na mtu akila hiyo na karanga hakumbuki nyama. Sina ubishi na watu hao. Ubishi wangu ni na hewa ya Dar es Salaam. Dodoma ukianika jani, jioni linavunjika mkononi. Hapa ukilianika, jioni limelowa zaidi ya lilivyokuwa asubuhi, na siku ya tatu limeota manyoya. Hilo ni kama halijachukuliwa na kunguru. Kunguru wa mji huu hawana haya, huja wawili wawili juu ya bati, mmoja anakutazama wewe, mwingine anafanya kazi. Nilipomweleza shangazi kwamba kunguru wamekula majani ya kunde, alisema pengine walidhani kuna nyama. Hakutoa ushauri mwingine.

Mke wangu kwao ni Tanga, kwa hiyo mwisho wa njia zote yeye huingia kwenye achari. Karoti, ndimu, pilipili mbuzi, vitunguu saumu, chumvi ya kutosha, chupa kavu, jua la dirishani. Achari yake nzuri, sisemi uongo, ukiila na wali wa nazi na samaki wa kukaanga unaweza kusahau madeni. Tabu ni wingi wake. Mtu hula achari kijiko, si bakuli. Karoti zilikuwa fungu moja, sasa ni chupa nne, zimepangana juu ya kabati zikisubiri nyingine. Tulikuwa na karoti zilizobaki. Sasa tuna achari iliyobaki, na hii haiozi.

Nikaona heri tugawe. Mtu wa pwani ana jirani, na jirani ndiye ndugu wa karibu. Nikachukua ile nusu ya kabichi, nikaiweka kwenye bakuli la bluu, nikampelekea mama wa nyumba ya kushoto. Alishukuru sana, akaniombea dua, nikarudi nyumbani mwepesi. Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo mtoto wa miaka mitano wa mtaa huu analijua: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kabla ya magharibi bakuli la bluu likarudi limejaa bamia. Si bamia changa. Bamia zile ambazo kisu kikipita unasikia sauti. Zilikuwa zimekaa kwake zikitafuta mahali pa kwenda, na mimi nikampelekea chombo kwa mikono yangu.

Bamia nikazipeleka kulia. Kwa mzee wa nyumba ya kulia likatoka bakuli la nyanya chungu, nyekundu kabisa, za kuwekea mbegu. Nyanya chungu zikaenda kwa fundi cherehani wa mbele, huyo akanipa mkononi mabua ya kotimiri na nusu ya bilinganya, bakuli likabaki kwake. Nikagundua kwamba mtaa mzima una droo moja, na mboga zinatembea ndani yake usiku na mchana bila mtu kuzila. Mwishoni mwa juma mtoto wa fundi akabisha hodi. "Shikamoo. Mama amesema tumerudisha bakuli, ahsanteni." Ndani mlikuwa na nusu ya kabichi. Naijua kabichi yangu. Kisu kilikuwa kimeteleza nilipoikata, kikaacha ngazi upande mmoja, na ngazi ile ilikuwepo. Ila ilikuwa imepunguzwa ule weusi, mara nyingi, na watu mbalimbali.

Kwa hiyo imebaki sufuria. Siku moja katika juma, mara nyingi Ijumaa jioni, mke wangu humwaga droo yote mezani. Hiki chakula hakina jina. Ukimuuliza leo tunakula nini anajibu, "Chakula," na ukisikia hivyo usiulize la pili. Lakini lazima niseme haki: hatupi vitu ovyo sufuriani. Kitunguu kwanza mpaka kibadilike rangi, saumu na tangawizi, kisha nyanya zilizopondeka zinakaangwa mpaka mafuta yajitenge. Bilinganya ameshailoweka kwenye maji ya chumvi. Karoti inaingia mapema kwa sababu ni ngumu, nyanya chungu zinakatwa mbili, bamia zinaingia nzima nzima, maana ukizikata zitafunga chakula chote kwa ute. Kabichi anaikata nyembamba hata isijulikane kama ni kabichi, na hapo ndipo naona ujanja wa wanawake wa Tanga. Hoho mwisho, binzari kidogo, ndimu. Dagaa wa Kigoma waliokaangwa pembeni wakakauka. Halafu tui zito, na kuanzia hapo haruhusiwi mtu kufunika wala kuongeza moto, kwa kuwa tui likikatika, amekuharibia juma lako zima.

Ni tamu. Nimejaribu kutafuta kasoro kwa sababu ya kazi yangu hii ya kulalamika, nimekosa. Wafaransa wa Nice wana chakula chao cha bilinganya, hoho, nyanya, vitunguu na yale maboga madogo ya kijani, kwa asili chakula cha watu wa kawaida wakati wa mavuno ya kiangazi. Wakakiita ratatouille, na mwaka 2007 kikapewa filamu ya katuni yenye jina hilo hilo, panya akiwa ndiye mpishi. Mke wangu amewazidi nazi na dagaa, na hana panya, lakini binti yetu akitazama sahani anasema, "Leo tena mabaki?" Tambi zake huzipiga picha.

Sasa juzi juzi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alishuka kutoka Morogoro kwa shughuli zake. Hakutoa taarifa, na ilikuwa Ijumaa. Mke wangu alitaka kufa kwa aibu, akanituma nikatafute kuku, nikakuta kuku bado yuko hai na bei yake iko hai zaidi. Basi shemeji akatengewa kilichopo: ugali, ile sufuria isiyo na jina, achari pembeni. Achari, nilimjazia bakuli. Akala kimya. Akaongeza. Akaifuta sahani kwa tonge la mwisho, akamwambia dada yake, "Dada, hii umejifunza wapi? Nipe nikampe wifi yako."

Mke wangu akajaribu kueleza. Bilinganya nusu, akasema. Kubwa kiasi gani? Aah, nusu tu, ile iliyokuwepo. Hoho robo tatu nyekundu, robo tatu njano. Robo tatu kwa nini, shemeji akauliza, huku anaandika kwenye simu. Hakupata jibu. Karoti nne, mojawapo ilikuwa na ncha mbovu. Kabichi, akasema mke wangu, akanitazama mimi, weka tu kabichi. Shemeji akaandika yote, akaondoka alfajiri na chupa mbili za achari nilizomlazimisha, na hakuna chombo cha kurudisha.

Jumapili akapiga simu. Sauti imekunjamana. Amekwenda sokoni mwenyewe asubuhi, amenunua bilinganya inayong'aa, hoho za rangi zote, karoti zenye majani yake, kabichi ya kukumbatia kwa mikono miwili, dagaa, nazi mbili, pesa imetoka. Amemsimamia mkewe hatua kwa hatua. Na chakula kimetoka cha kawaida kabisa, wamekula kwa heshima. "Shemeji," akasema, "kuna kitu dada amenificha. Kila nilichonunua kilikuwa kipya."

Nikamwambia hapo ndipo alipokosea. Vilivyobaki avifungie kwenye droo ya chini, asiviguse, mpaka wifi aanze kulalamika kuhusu harufu ya seleri. Akasema hakununua seleri. Nikamwambia nitamtumia, tunayo.